Ukimpa jirani ua, mpe na jina lake

Na Daktari Wetu

Mvua ya masika inapoanza kunyesha, miji yetu hubadilika sura. Vitalu vya maua vilivyo kando ya barabara, kama vile vya Ngong Road jijini Nairobi, hujaa wateja. Mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hushika jembe, naye anayeishi katika ghorofa ya nne hutafuta mkebe wa mafuta ya kupikia, akautoboa chini, akaujaza udongo na kuuweka kwenye roshani.

Lakini ukichunguza vizuri, msomaji, utaona kwamba maua mengi tuliyo nayo nyumbani hatukuyanunua. Tulipewa. Jirani alipogoa bogenvilia yake, akakupitishia kitawi juu ya ukuta. Mwenzako kazini alikuletea miche mitatu iliyofungwa ndani ya gazeti lililoloweshwa maji. Wanachama wa chama cha akina mama wakikutana nyumbani kwa mmoja wao, mkutano hauishi kabla ya kuzunguka bustani na kuulizana, "Hili lako ulilifanyaje hata likashika?" Kila mmoja huondoka na kitu mkononi.

Ni desturi njema. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo aghalabu tunalisahau. Tunapeana ua, lakini hatupeani jina lake wala onyo lake. Nami nilijifunza uzito wa jambo hilo kwa aibu.

Kisa cha jani lenye madoa

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja aliingia mbio katika kliniki yangu akiwa amembeba mtoto wa kiume wa miaka miwili. Mtoto alikuwa akilia, lakini sauti ilikuwa haitoki sawasawa. Mate yalimtiririka hadi kifuani, midomo ilikuwa imevimba, na ulimi ulionekana kukijaza kinywa chote. Mama alikuwa na hakika kwamba mwanawe amekunywa mafuta taa.

Nilimnusa mtoto, nisipate harufu yoyote ya mafuta. Nikamwuliza mama mtoto alikuwa akicheza wapi. Akanijibu kwamba alikuwa sebuleni, karibu na chungu cha maua. Kisha akafungua kiganja. Alikuwa ameshika kipande cha jani pana, la kijani, lenye madoa meupe na alama za meno madogo.

"Hili ni ua gani, mama?" nikamwuliza.

"Sijui, daktari. Nilipewa na rafiki yangu. Sisi tunaliita tu ua la madoa."

Jani lile nililijua kwa sura, maana ua kama hilo lilikuwa katika chumba changu mwenyewe cha kungojea wagonjwa, hatua chache kutoka pale tulipokuwa. Mgonjwa mmoja aliyepona alikuwa ameniletea kama shukrani. Nililipenda kwa sababu lilistahimili kiza na halikudai maji mengi. Kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa nimelitunza bila kuuliza jina lake, huku watoto wa wagonjwa wangu wakicheza kando yake.

Tulimsafisha mtoto kinywa, tukampa maji baridi kidogo kidogo na kumpeleka hospitali, ambako alilazwa usiku mmoja ili kupumua kwake kuangaliwe. Uvimbe ulishuka, na baada ya siku chache alikuwa akila kama kawaida. Jioni ile nilifungua vitabu vyangu na kulipata ua lile. Linaitwa difenbakia. Kabla ya kufunga kliniki nililitoa nje.

Sindano ndani ya jani

Difenbakia haina sumu ya ajabu. Majani na mashina yake yamejaa fuwele za kalsiamu oksaleti, nyembamba na zenye ncha kali kama sindano. Mtu anapotafuna jani, fuwele hizo hutoka na kuchoma ulimi, ufizi na koo. Ikiwa umewahi kula nduma ambayo haikuiva vizuri, na koo likakuwasha, basi unazijua fuwele hizo. Nduma na difenbakia ni jamaa moja. Filodendro, monstera na kaladi pia wamo katika ukoo huo, na yote ni maua yanayopendwa sana sebuleni.

Mara nyingi maumivu hayo humfanya mtoto ateme jani upesi, naye hupona bila madhara. Hatari kubwa ni pale koo linapovimba na kuzuia hewa. Hii ndiyo sababu mtoto anayetoa mate mengi na kushindwa kumeza hapaswi kungoja asubuhi.

Maua mengine ya kuangaliwa

Yapo maua ambayo ni ya hatari zaidi ya difenbakia, na ambayo hayamwonyi mtu kwa kumchoma ulimi.

Oleanda. Huu ni mti mfupi wenye majani membamba, magumu, na maua ya waridi au meupe. Hupandwa sana kwa sababu hustahimili ukame. Upo pia wa manjano, ambao si wa jenasi moja na huu lakini una sumu ya namna hiyo hiyo. Kila sehemu ya mimea hii ina sumu inayoshika moyo. Mtu hutapika, huumwa na tumbo, kisha mapigo ya moyo huenda polepole au hupotea mpangilio. Sumu yenyewe ni jamaa wa digoksini, dawa tunayowapa baadhi ya wagonjwa wa moyo kwa vipimo vidogo mno. Usitumie vijiti vya oleanda kuchomea mishikaki, na usiache matawi yaliyokatwa mahali watoto wanapocheza.

Tarumbeta ya malaika. Ni kichaka chenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, meupe, ya manjano au ya rangi ya chungwa, na hutoa harufu nzuri jioni. Ni jamaa wa mnanaha. Anayekula sehemu yake hukauka kinywa, ngozi huwa moto, mboni za macho hupanuka, naye huanza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwapo. Hata mtu anayeupogoa mti huo, kisha akafikicha jicho kwa mkono ambao haukuoshwa, anaweza kuamka na mboni moja kubwa kuliko nyingine na jicho lisiloona vizuri karibu. Mtu kama huyo asipomwambia daktari kwamba alikuwa bustanini, anaweza kudhaniwa kuwa ana ugonjwa wa ubongo.

Mbarika. Wengine huupanda kwa ajili ya majani yake mapana yenye wekundu. Mbegu zake ni nzuri kutazama, zina mabaka kama marumaru, na watoto hupenda kuzichezea. Mbegu iliyotafunwa hutoa sumu kali iitwayo risini. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo usidanganyike ukimwona mtoto bado anacheza.

Mnyaa, ambao wengine huuita kariaria. Hupandwa kuzunguka boma na sasa umeingia hata kwenye vyungu vya sebuleni. Utomvu wake mweupe kama maziwa huunguza ngozi, na ukiingia jichoni huumiza kioo cha jicho vibaya sana. Mara nyingi mgonjwa ni mtu aliyekuwa akipogoa bila miwani. Hujisikia vizuri mchana, na kufikia usiku hawezi kufungua jicho kwa maumivu.

Kwa upande mwingine, lipo ua linaloogopwa kupita kiasi. Poinsetia, lile ua jekundu la Krismasi, limesingiziwa kwa miaka mingi kuwa linaua. Ukweli ni kwamba utomvu wake huwasha ngozi kidogo, na mtoto aliyelila huenda akaumwa na tumbo au kutapika. Ni nadra litoe madhara makubwa.

Ikiwa una watoto wadogo, anza na maua yasiyo na sumu ya kutisha: waridi, hibiskasi, zinia, petunia, na ile violeti ya Afrika ambayo watu wengi hudhani ilitoka Ulaya, ilhali asili yake ni milima ya Tanzania na sehemu chache za Kenya.

Chungu nacho kina wageni

Si mmea pekee unaovuka ukuta kwenda kwa jirani. Chungu pia huvuka na vilivyomo.

Mbu aina ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni na anayeuma mchana, hupenda maji machache yaliyotuama: katika kisahani kilicho chini ya chungu, katika chombo cha maua ya mezani, na katika mkebe uliosahauliwa nyuma ya nyumba. Hutaga mayai yake kwenye ukingo wa chombo, juu kidogo ya maji. Maji yakikauka, mayai hayafi. Hukaa miezi kadhaa yakingoja mvua. Kwa hiyo kisahani kikavu ulichopewa na rafiki mwezi wa Februari chaweza kukuletea mbu mwezi wa Aprili.

Jambo hili limewahi kuonekana hata baina ya mabara. Mwaka 2001, mbu wa jamii hiyo waliingia California, Marekani, ndani ya shehena za ule mmea uitwao mwanzi wa bahati, zilizosafirishwa kutoka China zikiwa ndani ya maji.

Mbu hawa ndio wanaoeneza homa ya dengi na chikungunya. Mombasa ilipatwa na mlipuko wa dengi mwaka 2013, kisha chikungunya mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwaka 2018. Isitoshe, mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mbu wa malaria aina ya Anopheles stephensi amepatikana humu nchini, katika Kaunti ya Marsabit. Huyu ni tofauti na mbu wa malaria tuliowazoea, kwa kuwa huzaana vizuri katika vyombo vya maji mijini.

Kinga yake ni rahisi. Katika joto, yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi. Kwa hiyo chagua siku moja ya juma, mathalani Jumamosi, uwe unamwaga maji ya visahani vyote na kuvisugua ukingoni kwa brashi. Kumwaga tu hakutoshi, maana mayai yameng'ang'ania pale pale. Ukipenda, jaza kisahani mchanga. Mchanga utashika unyevu na mbu hatapata mahali pa kutaga.

Miiba, udongo na chanjo iliyosahauliwa

Bakteria wa pepopunda huishi katika udongo na samadi. Huhitaji kidonda kikubwa. Mwiba wa waridi au wa bogenvilia huingia ndani, ngozi hujifunga juu yake, na bakteria hubaki mahali pasipo na hewa, ambapo ndipo wanapostawi. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21: taya hukaza, shingo huuma, kisha mwili hukakamaa.

Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Akina mama wengi huchanjwa tena wakati wa uja uzito. Walioachwa nje aghalabu ni akina baba. Ninapomwuliza mwanamume wa miaka hamsini alichanjwa lini, hucheka na kuniambia, "Daktari, labda nikiwa shuleni." Mtu mzima aliyekamilisha chanjo zake anahitaji kuongezewa kila baada ya miaka kumi. Ikiwa hukumbuki mara ya mwisho, nenda ukaulizie kabla ya kushika jembe.

Pia, kiungo cha kidole kikivimba kwa majuma mengi bila sababu, mwambie daktari kama uliwahi kuchomwa na mwiba. Kipande kidogo kikibaki ndani ya kiungo hakionekani kwa picha ya kawaida ya eksirei, na uvimbe hautaisha mpaka kitolewe.

Vaa viatu vilivyofunika miguu na glavu ngumu. Samadi mbichi isishikwe kwa mikono mitupu. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na usafishe chini ya kucha.

Chupa ya soda isiyo na soda

Katika mambo yote ambayo majirani hupeana, hili ndilo linaloniogopesha zaidi. Vidukari wameshambulia waridi zako. Jirani mwema ana dawa ya kuua wadudu, naye anakumiminia kidogo katika chupa ya soda au ya maji. Unainyunyiza, inayobaki unaiweka chini ya sinki la jikoni. Mwezi mmoja baadaye mtoto, au mgeni mwenye kiu, anaikuta.

Dawa nyingi za namna hii hushambulia mishipa ya fahamu. Mtu hutokwa na jasho na mate mengi, hutapika, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, na kupumua huwa kwa shida. Pale hospitalini huwa tunauliza: ilikuwa dawa gani? Familia hujibu: ilikuwa ndani ya chupa ya soda. Karatasi yenye jina la dawa ilibaki kwa jirani, na dakika zinapotea.

Usipokee wala usitoe dawa ya wadudu isiyo katika chombo chake chenye karatasi yake. Kwa maua machache ya nyumbani, mara nyingi maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, yakinyunyizwa chini ya majani, yatapunguza vidukari bila kumhatarisha mtu.

Je, maua yana faida kwa afya?

Yanayo, wala sitaki ufunge ukurasa huu ukiwa na hofu. Mwaka 1984, mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walikuwa na dirisha lililotazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo, na walitumia dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Nami katika kliniki yangu nimewaona wastaafu wengi ambao bustani ndiyo iliyowatoa kitandani na kuwarudisha kwa watu.

Lakini tusiongeze chumvi. Wauzaji wengine husema kwamba ua moja chumbani husafisha hewa yote. Dai hilo lilitokana na majaribio ya mwaka 1989 yaliyofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa. Watafiti walioyapitia upya mwaka 2019 walikadiria kwamba ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita mraba ya sakafu ili kufikia kiasi cha hewa safi inayopita katika jengo la kawaida. Fungua dirisha tu. Vile vile, si kweli kwamba ua likiwa chumbani usiku litakumalizia hewa. Kiasi linachotumia ni kidogo mno kuliko anachotumia yule mliyelala naye chumba kimoja.

Ajali ikitokea

1. Mtoto akila mmea, toa mabaki kinywani kwa kidole na umsuuze. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo.

2. Usimlazimishe kutapika. Usimpe maji ya chumvi wala mayai mabichi. Maziwa si dawa ya kuondoa sumu.

3. Utomvu ukiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha uende hospitali hata kama maumivu yamepungua.

4. Dawa ya wadudu ikimwagikia mtu, mvue nguo na umwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi, nawe ukiwa umevaa glavu.

5. Aliyelewalewa au kuzimia asipewe kitu chochote kinywani. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali.

6. Chukua tawi la mmea lenye majani na ua, au chombo cha dawa chenye karatasi yake, uende nacho.

7. Ikiwa ni oleanda, tarumbeta, mbarika au dawa ya wadudu, usingoje dalili.

Jina juu ya chungu

Siku hizi sitoi kitawi mikononi mwangu bila kukiandika. Hukata kipande cha plasta ya kufungia vidonda, nikaandika jina kwa kalamu, na chini yake maneno machache: "Usile", au "Utomvu unaunguza", au "Salama kwa watoto". Hubandika kwenye chungu. Kazi hiyo hainichukui hata dakika moja. Nami nikipewa ua nisilolijua, kwanza hulipeleka kitaluni kuulizia, na wakati huo huliweka mahali pa juu ambapo mtoto hafiki.

Wewe nawe fanya hivyo masika haya. Zunguka nyumba yako, hesabu maua yako, na ujiulize ni mangapi unayoyajua kwa jina. Yale usiyoyajua, mwulize aliyekupa. Naye asipojua, mwulizeni mwenye kitalu pamoja.

Mama yule wa jani lenye madoa alirudi kliniki mwaka uliofuata, mwanawe akimkimbia mbele. Safari hii hakuwa na mgonjwa. Aliniletea mche katika mkebe, na juu yake alikuwa amefunga karatasi kwa uzi. Ilisomeka hivi: "Waridi. Haliliwi. Lina miiba. Daktari, umechanjwa?"

Nilikuwa sijachanjwa kwa miaka kumi na mitatu. Nilichanjwa juma hilo hilo.